Kipupwe Katika Pwani ya Makunduchi

Watu wa bara husema mara nyingi ya kuwa pwani haina baridi. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Theluji hatuna wala barafu, na usiku wa mwezi wa Julai kipimo cha joto hakishuki sana chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Lakini majira ya kipupwe tunayo, nayo ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo hubadili kazi zetu, chakula chetu na hata hesabu ya mwaka wetu. Leo twataka kueleza jinsi sisi tukaao Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tunavyoishi wakati huo.

Kwanza yafaa tufahamu baridi hii yatoka wapi. Katika miezi hiyo jua huwa upande wa kaskazini wa dunia. Nchi kubwa ya Asia hupata joto jingi, hewa yake ikawa nyepesi na kupanda juu. Hewa nyingine hutoka kusini, ambako ni wakati wa baridi, ikaja kujaza mahali pake. Hewa hiyo ipitayo kwetu ndiyo upepo wa kusi. Huanza kuvuma kiasi cha mwezi wa Aprili, hupata nguvu katika kipupwe, kisha hulegea kiasi cha Septemba na Oktoba. Mwisho wa mwaka hugeuka, ikaja kaskazi. Kwa pepo hizi mbili majahazi ya Arabuni yalifika pwani yetu kwa karne nyingi: yalikuja na kaskazi na kurudi kwao na kusi.

Pwani yetu imeuelekea upepo huo uso kwa uso. Mbele yetu pana mwamba mrefu wa matumbawe, na nje ya mwamba ni bahari kuu. Kusi ikishika nguvu, mawimbi hupasuka juu ya mwamba mchana na usiku, na mlio wake husikika hata majumbani. Hapo mlango wa bahari kuu huwa kama umefungwa. Ngalawa iliyokwenda mbali wakati wa kaskazi sasa hubaki ndani ya mwamba, au huvutwa juu mchangani ikasubiri. Wavuvi wengine hufunga safari kwenda dago, yaani kupiga kambi upande wa kisiwa usiopigwa na upepo, wakavua huko kwa majuma kadhaa. Wazee walinena, “Kaskazi mja naswi, kusi mja na mtama.” Maana yake, kaskazi huleta samaki, na kusi huleta nafaka, kwa kuwa mazao yaliyopandwa kwa mvua za masika huvunwa wakati huo. Nyumba isiyolima basi huiona kusi kuwa na njaa.

Hata hivyo mtu asidhani ya kuwa watu wa pwani hukaa bure. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ndipo maji hupwa mbali sana. Wanawake hushuka na vijiti na vikapu, wakatafuta pweza katika mashimo ya mawe, na chaza na kombe. Kisha kuna kilimo cha mwani, kilichoanza katika pwani hii, huko Paje na Jambiani, mwaka 1989. Mwani hufungwa katika kamba zilizonyoshwa baina ya vigingi vilivyokitwa baharini, ukavunwa baada ya majuma machache na kuanikwa. Kipupwe huufaa kwa jambo moja: katika maji ya joto jingi mwani huugua na kuoza, na maji ya miezi hii ni baridi zaidi. Lakini huudhuru kwa jambo jingine, kwani mawimbi hukata kamba, na kazi ya siku nyingi ikachukuliwa na mkondo. Mkulima wa mwani huenda kutazama kamba zake kila maji yanapokupwa, maana fedha hizo ndizo za daftari za watoto na unga wa nyumbani.

Kusi haina mzaha. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Watu wengi walikufa, wakiwamo watoto. Msiba huo ulitukumbusha ya kuwa chombo kuwa na injini si sababu ya kuudharau upepo.

Kwa hiyo watu wa kale walijitungia hesabu ya kujua majira. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, nayo huzunguka katika majira yote; haimwambii mkulima wala nahodha lini kusi itakuja. Basi walihesabu pia mwaka wa jua wenye siku 365: miongo 36, kila mwongo siku kumi, na mwisho wake siku tano za kuongeza. Mwanzo wa hesabu ni Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Lakini hesabu hiyo haina siku ya ziada kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea nyuma polepole. Katika miaka ya 1870 Siku ya Mwaka iliangukia mwisho wa Agosti. Siku hizi huangukia Julai, katikati ya kipupwe. Ndiyo sababu nahodha mwenye akili hakutegemea hesabu peke yake, bali alitazama pia mawingu, mawimbi na upepo wenyewe.

Siku hiyo Makunduchi hufanya sherehe ya Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka. Watu hushuka pwani kuoga. Kisha wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, na aliyekuwa na kinyongo na mwenziwe hukimaliza hapo. Wanawake huvaa nguo zao nzuri, wakaimba. Kibanda cha makuti hutiwa moto, na watu hutazama moshi unaelekea wapi. Sherehe huendelea kwa siku kadhaa, na kila nyumba hutaka kuwa na mgeni wa kula naye.

Twaona hapo hekima kubwa. Sherehe yaja wakati mlango wa bahari kuu umefungwa, na kila mtu aweza kumhitaji jirani yake. Aliyevuna mtama humpa aliyekosa samaki. Aliyepata pweza hugawa. Walio na ugomvi hawawezi kugawana, basi ugomvi huondolewa kwanza.

Nawe msikilizaji, ukija kwetu katika kipupwe, chukua shuka ya kujifunika alfajiri. Kabla ya kupanda chombo, muulize mwenye chombo habari za upepo, na akikwambia ngoja, ngoja. Na ukifika Siku ya Mwaka, ingia nyumba yoyote; utakaribishwa chakula.