Mzigo Si Chuma: Mwanamke wa Kanyakine na Lugha ya Nguvu

Ikiwa kuna mahali ambapo mtu hawezi kuuliza kama mwanamke anaweza kuinua kitu kizito bila ya kuchekwa, basi mahali hapo ni Kanyakine. Kanyakine ni soko dogo la Imenti Kusini katika Kaunti ya Meru, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Huko, kama katika sehemu nyingi za Meru na Embu, kuni, maji, majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi aghalabu husafiri kwa mgongo wa mwanamke. Ukanda hupitishwa juu ya kipaji cha uso, mzigo ukalala mgongoni, naye mbebaji akainama kidogo na kushika njia. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa zaidi ya kilo 20, na hapo mtoto hajahesabiwa. Hata hivyo, mwanamke huyohuyo akiambiwa kwamba wapo wanawake wenziwe wanaoingia katika chumba cha mazoezi kwa hiari yao, wakanyanyua chuma cha kilo 60 kisha wakakirudisha chini palepale kilipokuwa, huenda akauliza: kwani hawana kuni za kubeba nyumbani?

Swali hilo lina mantiki, na ndilo linalochunguzwa katika makala haya. Ikiwa mwanamke wa Kanyakine amebeba mizigo tangu utotoni, je, hajakwisha kupata kile ambacho wanawake wa mijini wanakitafuta kwa kunyanyua vyuma?

Inafaa kuanzia kwenye lugha. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mzigo. Mtu hubeba, huchukua, huinua na hunyanyua. Akiuweka mzigo kichwani pake mwenyewe, amejitwika, akiwekewa na mwingine, ametwikwa, akiushusha, ametua. Baina ya kichwa na mzigo hukaa ngata. Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya msamiati huu ni ya pwani, ambako mzigo hukaa kichwani. Mwanamke wa Kanyakine hajitwiki kwa maana hiyo. Wagikuyu huuita ukanda wa kipajini mukwa, lakini Kiswahili sanifu hakina neno moja lililozoeleka la kuutaja, na mwandishi wa hadithi ya milimani hulazimika ama kueleza kwa maneno matatu au kukopa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba katika msamiati wote huo neno nguvu halimo. Mzigo wa mwanamke hutajwa kama kazi, kama wajibu, pengine kama taabu, ila ni nadra kutajwa kama ushahidi wa nguvu. Mwanamume mwenye mwili mkubwa husifiwa kuwa wa miraba minne, njemba, pandikizi la mtu. Shujaa wa fasihi yetu kongwe, Fumo Liyongo, alikumbukwa kizazi hadi kizazi kwa umbo na nguvu zake. Mwanamke naye husifiwa kwa kiuno cha nyigu na shingo ya upanga. (Huko milimani, shingo hiyohiyo ya upanga ndiyo inayovuta tita la kuni.) Akidhihirisha nguvu waziwazi huitwa jikedume, yaani hukopeshwa jinsia ya pili ili nguvu zake zipate pa kukaa. Ngeli za Kiswahili hazina hatia katika hili: mbebaji na mnyanyuaji ni majina ya ngeli ya A-WA, hayabagui mume wala mke. Ubaguzi umo katika maneno tunayoyazoesha kuandamana. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yaelekea aliyeuona mzigo wa mwanamke kuwa usufi hakuwa na haja ya kumtafutia mbebaji neno la sifa.

Tukitoka katika lugha na kuingia katika mwili wenyewe, kuna utafiti mmoja unaostahili kuzingatiwa kwa kina. Mwaka wa 1986, Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake kutoka nje walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo walivyowafanyia wanawake wa Kiluo, ambao hubeba kichwani, na wa Kikuyu, ambao hubeba kwa ukanda wa kipajini. Walipima oksijeni waliyotumia wakitembea na mizigo ya uzani mbalimbali. Ilibainika kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba hajabeba kitu. Utafiti uliofuata, wa mwaka wa 1995, ulieleza sababu. Binadamu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kama timazi iliyopinduliwa, na kila hatua hupoteza nishati kiasi. Wanawake hao, wakiwa na mzigo, walipoteza kidogo zaidi kuliko watu wengine.

Matokeo hayo yalisifiwa sana, na ni haki yasifiwe. Lakini yapaswa kusomwa kwa makini. Kilichopimwa hakikuwa nguvu bali uwekevu wa nguvu. Mwili uliobeba tangu utotoni umejifunza kutumia kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa njia ni ndefu na kesho kuna safari nyingine. Hiyo ni hekima ya mwili, nayo ni kinyume kabisa cha kile kinachojenga misuli. Tena utafiti wa mwaka 2010 miongoni mwa wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini haukuuona unafuu huo, na ulionyesha kwamba maumivu ya shingo ni sehemu ya bei inayolipwa na wanaobeba kichwani.

Misuli huongezeka nguvu inapodaiwa zaidi ya ilivyozoea, kisha ikapewa muda na chakula cha kujijenga upya. Mnyanyuaji vyuma huanza na uzani anaoumudu, akauongeza kilo mbili au tatu kila anapouzoea, hadi akafikia uzani ambao hawezi kuuinua zaidi ya mara tano kwa mfululizo. Katika majuma ya mwanzo misuli haijanenepa bado. Ni neva zinazojifunza kuiita misuli mingi kwa wakati mmoja. Baada ya hapo ndipo nyuzi za misuli zinapoongezeka unene. Mwanamke hapati kifua cha pandikizi la mtu kwa kufanya hivyo, maana homoni inayotunisha misuli ya wanaume ni chache mno mwilini mwake. Hofu hiyo, ambayo huwazuia wengi, haina msingi.

Mtungi wa maji, kwa upande wake, hauongezeki. Ni lita 20 mwaka huu na lita 20 mwaka ujao. Tita la kuni huongezeka siku msitu unapokuwa mbali, si siku mgongo unapokuwa tayari. Wala mbebaji hachagui siku ya kupumzika. Akiwa mgonjwa, mjamzito au ana njaa, maji bado yanahitajika. Mnyanyuaji huchagua uzani, huchagua siku, na akichoka hutua. Tofauti ya mzigo na chuma, basi, haiko katika kilo.

Mifupa nayo ina hesabu yake. Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake hupungua uzito kwa kasi, na kuanguka kidogo tu kwaweza kumvunja nyonga. Mfupa hujiimarisha unaposhinikizwa kwa nguvu kubwa na ya ghafla, na hujizoesha upesi shinikizo dogo la kila siku. Huko Australia, watafiti waliwachukua wanawake zaidi ya 100 waliokoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kudhoofika. Nusu yao walinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, chini ya uangalizi, kwa miezi minane: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa nacho mabegani na kukisukuma juu ya kichwa, pamoja na kuruka na kutua kwa kishindo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kuwa mifupa ya uti wa mgongo wao iliongezeka uzito kwa takriban asilimia 3, ilhali ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ilipungua. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 nayo huwataka watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma.

Ulimwengu wa michezo ulichelewa kulikubali jambo hili. Wanaume walinyanyua uzani katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya kisasa mwaka wa 1896. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalifanyika Marekani mwaka wa 1987, na katika Olimpiki walisubiri hadi Sydney mwaka wa 2000. Huko, Ruth Ogbeifo wa Nigeria alinyanyua jumla ya kilo 245, sawasawa na mshindi kutoka Colombia, akapata fedha badala ya dhahabu kwa kuwa mwili wake ulikuwa mzito zaidi. Kwa Kenya, jina la kukumbukwa ni la Hellen Wawira, aliyeshinda nishani ya shaba katika unyanyuaji uzani wa watu wenye ulemavu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka wa 2022. Katika mchezo huo mshindani hulala chali, akakishusha chuma hadi kifuani kisha akakisukuma juu. Wawira ni jina lililoenea Embu na Kirinyaga, nalo latokana na wira, yaani kazi. Wazazi wengi wamewapa binti zao jina hilo wakiwazia jembe na kuni. Huyu alilipeleka kwenye jukwaa la washindi.

Linabaki pingamizi moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwanamke aliyeshinda shambani, akateka maji na kupika, atapata wapi saa na nguvu za kunyanyua vyuma? Kumwongezea chuma juu ya mzigo ni kumchosha, si kumjenga. Kwa hiyo suala la chuma haliwezi kutenganishwa na suala la bomba la maji, la toroli, la punda, na la mume na wana wa kiume ambao migongo yao pia imeumbwa. Kwa upande mwingine, pale ambapo mabomba yamefika na bodaboda zinachukua mitungi, binti wa yule mbebaji amepoteza mzigo bila ya kupata kitu mahali pake. Hana shingo inayouma, ila pia hajawahi kudaiwa nguvu na mtu yeyote. Yeye ndiye anayekihitaji chuma hasa.

Vifaa si kikwazo kikubwa. Vijana wa kiume katika mitaa mingi ya Kenya hujaza saruji katika mikebe miwili ya rangi, wakaiunganisha kwa bomba la chuma, wakapata kifaa kisichopungukiwa na mengi isipokuwa sura. Anayeanza hunyanyua bomba tupu kwanza, mgongo ukiwa umenyooka na mzigo ukikaa karibu na mwili, mbele ya mtu anayejua. Kinachokosekana bado ni istilahi. Kuinua kutoka sakafuni, kuchuchumaa na chuma na kukisukuma juu ya kichwa ni vitendo vitatu tofauti, na kwa sasa mwalimu anayefunza kwa Kiswahili huviita vyote kunyanyua, kisha akaonyesha kwa mwili wake ni kipi anachokusudia.