Unataka kusomea akili za wahalifu? Anza na kisa cha Masinde wa Kimilili

Wacha nikisie. Umemaliza misimu yote ya Criminal Minds, ukameza Mindhunter usiku mmoja, na sasa unawaambia wasee wa mtaa kwamba unataka kuwa yule mtu anayeketi na muuaji chumbani, anamkazia macho, halafu anawaambia polisi jamaa alilelewa vipi na atapiga wapi tena. Kazi hiyo ina jina: saikolojia ya uchunguzi wa jinai, au forensiki kama wengi wanavyoiita. Na ndiyo, inasomewa. Ila haifanani sana na ile ya runinga, na safari ya kuifikia ukiwa Kitale au Bungoma ni ndefu kuliko yale matangazo ya kozi za wiki sita yanayokufuata kwenye simu.

Tuongee ukweli basi. Kazi ni gani, inasomewa wapi, na kwa nini inafaa kukutia hofu kidogo kabla ya kuitamani.

Maswali matatu ya mahakama

Mtu wa kazi hii hafukuzi wauaji. Kazi yake kubwa ni kujibu maswali ya mahakama.

Chukua mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 23 kutoka Kiminini ameshtakiwa kwa mauaji, analetwa mbele ya jaji wa Mahakama Kuu mjini Kitale. Kabla hata hajaulizwa kama anakubali shtaka au analikana, kwa kawaida jaji huagiza akapimwe akili kwanza.

Swali la kwanza ni la leo: je, kijana huyu anaelewa anachoshtakiwa? Anaweza kuongea na wakili wake akaeleweka? Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaitaka mahakama ichunguze jambo hilo ikiwa kuna shaka. Kama hawezi, kesi haiendelei.

Swali la pili ni la siku ile ya tukio. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu kinachukulia kwamba kila mtu ana akili timamu hadi ithibitishwe vingine. Kifungu cha 12 kinasema mtu hana hatia ya jinai ikiwa ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachofanya, au asijue kwamba ni makosa. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtu anaweza kuwa sawa kabisa leo kortini baada ya miezi sita ya dawa, na siku ya tukio alikuwa anasikia sauti. Au kinyume chake: alikuwa timamu siku ile, akaugulia rumande. Hayo ni maswali mawili tofauti na yanahitaji majibu mawili.

Swali la tatu huja baada ya hatia. Mnamo Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Tangu hapo jaji anaweza kuuliza: huyu mtu ni nani? Ana umri gani? Anajuta? Anaweza kubadilika? Leo sehemu kubwa ya majibu hayo huletwa na afisa wa probesheni kupitia ripoti yake, na mwanasaikolojia anaweza kuongeza mengi hapo.

Halafu kuna watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai. Wa chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa hawezi kutofautisha zuri na baya, isipokuwa mahakama iridhishwe na ushahidi. Ushahidi huo mtu lazima aulete. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu shahidi aliye hatarini, kwa mfano msichana mdogo aliyedhulumiwa, aongee kupitia mtu wa kati. Mwanasaikolojia ametajwa humo waziwazi miongoni mwa wanaoweza kufanya kazi hiyo.

Kwa hivyo ukiona raha iko kwa wauaji tu, jua kwamba siku zako nyingi huenda ukazitumia na mtoto wa miaka tisa asiyetaka kuongea.

Sasa kisa cha Masinde

Ukitoka Kitale kuelekea Webuye, ukapita Kiminini ukafika Kamukuywa, unaweza kukata kona uende Kimilili. Huko ndiko kwao Elijah Masinde. Kama umekulia Bungoma au Trans Nzoia, jina hilo umelisikia kwa wazee: mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, na kabla ya hapo mwanasoka aliyechezea timu ya Kenya katika Kombe la Gossage.

Miaka ya arobaini, Masinde aligombana na serikali ya kikoloni na machifu wake. Alipinga amri zao na kuwataka Wazungu waondoke. Mwaka 1945 hakuishia jela. Alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, na akakaa huko hadi 1947.

Aliyekuwa akiongoza Mathari miaka hiyo ni J. C. Carothers, aliyekabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938 bila kuwa amesomea utaalamu wa magonjwa ya akili. Baadaye Carothers aliandika kwamba Mwafrika hatumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Yaani watu wananyang'anywa mashamba, wanapigana, na mtaalamu anaandika kwamba shida iko kichwani mwao.

Masinde alipotoka, wafuasi wake walikuwa bado wapo. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati Malakisi na watu wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu hadi karibu na uhuru. Hata serikali ya Kenya huru ilimfunga tena.

Je, Masinde alikuwa mgonjwa? Mtu anaweza kuwa nabii, akawa na hoja za kweli kuhusu ardhi, na bado akaugua. Sikuambii hakuugua. Ninachokuambia ni kwamba waliokuwa na mamlaka ya kupima akili yake walikuwa upande mmoja na waliotaka anyamaze. Karatasi ya hospitali ilifanya kazi ya pingu. Mtu wa forensiki asiyeijua historia hii anaweza kuirudia bila kujua, tena akiwa na vyeti vyote ukutani.

Usidhani hayo ni ya zamani tu. Chini ya kifungu cha 166, mtu aliyeonekana alitenda kosa akiwa hana akili timamu alikuwa anazuiliwa kwa hiari ya Rais. Hakuna miaka inayotajwa. Mwizi anajua anatoka lini, mgonjwa hajui. Mwaka 2018, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu ya Kisumu alisema utaratibu huo unakiuka Katiba, kwa sababu kupanga adhabu ni kazi ya mahakama. Sasa fikiria uzito wa sentensi moja kwenye ripoti yako.

Njia ya masomo

Haya, bado uko? Safari ni hii.

Kwanza, usichanganye mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili. Daktari anasomea udaktari kwanza, anafanya mafunzo ya kazi hospitalini, halafu anarudi chuoni kusomea magonjwa ya akili. Yeye anaandika dawa. Ripoti nyingi za kupima akili za washukiwa wa mauaji hapa Kenya huandikwa na yeye. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Silaha zake ni mahojiano, vipimo na kalamu.

Njia ya mwanasaikolojia inaanza na digrii, na kuingia digrii unahitaji angalau C+ kwenye KCSE. Saikolojia ndiyo msingi bora. Ukiwa upande wetu huu wa magharibi, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina masomo ya uhalifu na jamii, lakini digrii ya uhalifu peke yake haikufanyi mwanasaikolojia. Uliza mapema kama itakubaliwa kwa uzamili unaoulenga.

Kisha uzamili. Hapa Kenya, mlango wa kawaida ni saikolojia ya kliniki: Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundisha kupitia idara ya magonjwa ya akili, na pia iko USIU-Africa na Daystar. Kwa kawaida ni miaka miwili kwenye karatasi: darasani, kisha mazoezi hospitalini au gerezani chini ya msimamizi, kisha tasnifu. Tasnifu ndiyo hukwamisha watu. Mimi chuo niliacha kabla ya digrii, kwa hivyo sina cha kumcheka mtu, lakini nimeona watu wenye akili nyingi wakiganda kwenye sura ya tatu miaka.

Wengine huenda hadi uzamifu. Ukisema utaenda nje, jua kila nchi ina mpango wake. Uingereza, jina "mwanasaikolojia wa forensiki" linalindwa na sheria: baada ya uzamili unafanya miaka mingine ya kazi chini ya usimamizi, kisha unasajiliwa na baraza la HCPC. Marekani, mara nyingi wanataka uzamifu kamili kwanza, ndipo mafunzo ya ziada ya forensiki. Na ukirudi nyumbani, karatasi zako zinahitaji kutambuliwa hapa.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili watu wa fani hii. Kabla hujalipa senti kwa kozi yoyote, uliza maswali mawili: chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Na cheti hiki kitanisaidia kusajiliwa? Wakianza kukuzungusha, funga hiyo kurasa.

Unachofundishwa kikweli

Kuna jambo moja linalowashangaza wanafunzi. Ukiwa mshauri nasaha wa kawaida, unayeketi naye ndiye mteja wako na siri zake unazitunza. Ukiwa umetumwa na mahakama, lazima umwambie kabla hajafungua mdomo: utakayoniambia yanaweza kwenda kwa jaji. Wewe si rafiki yake, na pia si askari.

Unafundishwa kumtambua anayejifanya mgonjwa, na aliye mgonjwa kweli lakini anajifanya mzima kwa sababu anaona haya. Unafundishwa kutabiri hatari kwa vigezo, siyo kwa hisia. Unafundishwa kuandika Kiingereza chepesi ambacho jaji atakielewa, na kusimama kizimbani wakili akikuchana ripoti yako mstari kwa mstari.

Kisha kuna shida yetu sisi. Vipimo vingi vimetengenezwa mbali. Kile maarufu cha MMPI kilitoka Minnesota, Marekani, na kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1943. Sasa mzee wa Chwele anayefikiri kwa Lubukusu, au mama Msabaoti wa Kapsokwony, anaulizwa kama husikia sauti za watu wasioonekana. Mzee anasema ndiyo, marehemu babake huongea naye. Je, hiyo ni dalili ya ugonjwa, au ni namna watu wa kwao wanavyozungumza kuhusu wafu? Neno "msambwa" lenyewe linahusu mizimu ya mababu. Mtaalamu kutoka nje atakisia. Wewe uliyekulia hapa utajua pa kuuliza zaidi, nani mwingine wa familia wa kuongea naye, na ni lini jambo limevuka mpaka. Lugha ya mama uliyoambiwa shuleni uiache huenda ikawa kifaa chako bora kazini.

Doo na kazi

Sitakudanganya. Nafasi ya kazi yenye jina hilo kamili ni nadra Kenya. Wengi wanaofanya kazi inayokaribia hiyo wako hospitalini, magerezani, probesheni, vyuoni, au kwenye mashirika yanayosaidia waathiriwa wa dhuluma za kingono. Wengi huishi kwa ushauri nasaha na kufanya kazi za mahakama pembeni. HELB ina mikopo ya uzamili, lakini mkopo ni deni. Kama unataka pesa ya haraka, hii siyo.

Lakini uhitaji uko wazi. Eneo la Mlima Elgon lilipitia vita vya SLDF, kisha operesheni ya jeshi ya Machi 2008, na watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima wa rika lako. Baadhi yao watafika kortini, kama washtakiwa au kama mashahidi. Nani atawasikiliza vizuri?

Cha kufanya bila kulipa chochote

Korti za Kenya ziko wazi kwa umma, isipokuwa kesi chache kama zile za watoto na dhuluma za kingono. Chagua siku, zima simu, ingia mahakama ya Kitale au ya Bungoma, keti nyuma. Sikiliza jaji akiuliza ripoti ya akili iko wapi. Angalia mshtakiwa akisimama wakati hajaelewa swali, na mamake akijaribu kumwonyesha kwa mkono akiwa benchi la nyuma.

Rudi tena wiki inayofuata. Ukiona bado unataka kujua kilicho kichwani mwa yule kijana, na siyo tu kama alifanya au hakufanya, basi nenda ukaulize kuhusu hiyo digrii.