Gari la familia likiuzwa, jina nalo libadilishwe

MWENYE gari aina ya stesheni wagoni katika kaunti za Migori na Homa Bay hahangaiki sana kutafuta mnunuzi. Magari haya yenye buti pana, yanayotosha watoto, magunia na masanduku ya shule, yana soko kutoka Rongo hadi Isebania na kutoka Oyugis hadi Mbita.

Yanayowatatiza wengi ni mambo mawili: jinsi ya kumsadikisha mnunuzi kwamba gari lilitunzwa kweli, na jinsi ya kuachana nalo kisheria ili lisimwandame aliyeliuza muda mrefu baada ya fedha kutumika.

Hilo la pili ndilo lenye hatari kubwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya sheria za Kenya, kinaeleza kuwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mmiliki, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kwa hivyo, mwalimu aliyeuza gari lake kwa kupeana mikono, akakabidhi funguo na kitabu cha gari na kwenda zake, angali mmiliki machoni pa sheria iwapo jina lake halijaondolewa katika sajili. Gari hilo likimgonga mtu Awendo, au likinaswa na bidhaa za magendo karibu na mpaka wa Isebania, mlango wa kwanza kubishwa ni wake.

Kutoka Peugeot hadi Probox

Mapenzi ya wakazi wa eneo hili kwa stesheni wagoni si ya jana. Kabla ya magari ya Japani kutawala barabara, Peugeot 504, iliyozinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968, ndiyo iliyokuwa fahari ya familia zenye uwezo. Toleo lake refu lilikuwa na safu tatu za viti, na nchini Kenya lilitumiwa pia kama teksi ya masafa marefu. Ushindi wa Peugeot 504 katika mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978 uliipa sifa ya kustahimili barabara mbovu.

Nafasi hiyo baadaye ilichukuliwa na magari ya Kijapani. Toyota ilizindua Corolla Fielder mwaka wa 2000, kisha mwaka wa 2002 ikatoa Probox, gari lililobuniwa hasa kwa ajili ya kazi za biashara. Kadhalika, Nissan Wingroad ilipata wapenzi wake.

Katika eneo la Nyanza Kusini, Probox iligeuka kuwa gari la abiria. Kwenye njia nyingi zinazounganisha miji na vituo vya biashara, magari hayo hubeba watu kupita idadi ya viti vyake, wengine wakiketi ndani ya buti. Mara nyingi magari hayo huzunguka kutwa, siku saba kwa wiki.

Hali hiyo imemwekea mzigo mtu anayetaka kuuza gari lililotumiwa na familia pekee. Mnunuzi mwangalifu huanza kwa shaka. Hujiuliza kama kweli gari hilo lilikuwa likienda kanisani, shuleni na sokoni tu, au lilikuwa likibeba abiria tisa hadi jana, likaoshwa na kupakwa rangi leo asubuhi.

Dalili zinazotafutwa

Fundi anayejua kazi yake hahitaji kuambiwa historia ya gari. Huanzia nyuma. Springi zilizolegea hulifanya gari liiname upande wa buti hata likiwa tupu. Sakafu ya buti iliyochubuka, milango ya nyuma inayolegea kwenye bawaba, vishikio vilivyolika na viti vilivyobonyea ni ushahidi wa kazi nzito.

Katika maeneo ya kando ya ziwa kuna dalili nyingine. Gari lililosafirisha samaki au omena huhifadhi harufu chini ya zulia, na maji yanayodondoka kutoka kwenye mizigo huleta kutu kwenye viungo vya bati.

Barabara nazo huacha alama zake. Vumbi la murramu huziba chujio la hewa, mashimo huua shokomzoba na mipira ya miguu ya mbele, nao udongo mweusi wakati wa mvua hulazimisha injini na klachi kufanya kazi kupita kiasi.

Muuzaji ambaye gari lake halina kasoro hizi atafanya vyema kumwonyesha mnunuzi mambo hayo kabla hajaulizwa. Afungue buti, ainue zulia, aonyeshe gurudumu la akiba na jeki. Gari na lioshwe, lakini injini isimwagiwe maji na mafuta ya kung'arisha kiasi cha kufanana na mpya, kwani mafundi wengi huchukulia usafi wa namna hiyo kuwa njia ya kuficha uvujaji wa oili.

Aidha, ni busara kurekebisha kasoro ndogo kama taa iliyoungua, wipa iliyokatika na betri dhaifu. Kasoro kubwa zisizorekebishwa zitajwe wazi na kupunguzwa katika bei. Kasoro iliyotajwa na mwenye gari humgharimu kidogo, ilhali iliyogunduliwa na fundi wa mnunuzi huharibu imani katika mengine yote aliyosema.

Daftari lina thamani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za oili, vipuri, tairi na kazi ya fundi, zikipangwa kwa tarehe pamoja na kilomita zilizosomwa siku hiyo, zinathibitisha utunzaji kuliko maneno matamu.

Faida ya rekodi hizo ni kwamba hushuhudia pia usomaji wa mita ya kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma, na wanunuzi wanalijua hilo. Lakini risiti za miaka kadhaa zinazoonyesha kilomita zikipanda hatua kwa hatua ni vigumu kuzighushi zote.

Kwa gari lililoagizwa kutoka Japani, karatasi ya mnada wa huko huonyesha kilomita na hali ya gari siku lilipouzwa. Mwenye kuihifadhi pamoja na stakabadhi za forodha na cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kusafirishwa ana ushahidi wa tangu mwanzo.

Mwenye gari pia anafaa kuielewa injini yake. Kwa mfano, injini ya petroli ya lita 1.5 iliyotumiwa katika Probox na Fielder nyingi huendesha vali zake kwa mnyororo, wala si mkanda wa mpira. Muuzaji anayejigamba kwamba alibadilisha mkanda huo hivi majuzi atajiumbua mwenyewe mbele ya fundi.

Bei na msimu

Bei ya gari lililotumika humu nchini hufuata bei ya yale yanayoagizwa. Kanuni inayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka minane. Isitoshe, mwaka wa 2023 ushuru wa forodha kwa magari yanayoagizwa uliongezwa kutoka asilimia 25 hadi 35.

Gari la kuagiza linapopanda bei, familia nyingi hugeukia lililokwisha kutumika nchini, na hapo lililotunzwa hupata thamani zaidi. Muuzaji alinganishe gari lake na mengine ya mwaka ule ule, injini ile ile na gia za aina ile ile, si na bei aliyolinunulia.

Madalali husaidia kupata mnunuzi, lakini makubaliano yafanywe mapema kuhusu malipo yao. Dalali anayetaka kuachiwa gari, kitabu chake na nakala ya kitambulisho "ili kuharakisha mambo" anaomba uwezo ambao hapaswi kupewa.

Kadhalika, mnunuzi anapotaka kulijaribu gari barabarani, mwenye gari au mtu anayemwamini aandamane naye. Stakabadhi halisi zibaki nyumbani au kwa wakili.

Malipo yathibitishwe

Ulaghai mwingi hutokea wakati wa malipo. Ujumbe wa simu unaodai fedha zimetumwa, au karatasi ya benki inayoonyesha malipo yamefanywa, si fedha. Muuzaji athibitishe salio kupitia akaunti yake mwenyewe, na hundi isubiriwe hadi iidhinishwe na benki.

M-Pesa, ambayo ilianza mwaka wa 2007 na hutumiwa na wengi kwa malipo ya kila siku, ina kikomo cha fedha zinazoweza kutumwa kwa mara moja. Kwa bei ya gari, njia salama zaidi ni kutuma fedha kutoka benki hadi benki, pande zote mbili zikiwapo.

Iwapo mnunuzi anategemea mkopo wa chama cha ushirika, muda wa kusubiri uandikwe katika mkataba. Vilevile, kama gari lenyewe liliwekwa kuwa dhamana ya mkopo, muuzaji hana budi kulipa deni na kuhakikisha jina la mkopeshaji limeondolewa kabla ya kuahidi lolote. Mnunuzi anaweza kuligundua hilo kwa kutafuta rekodi za gari katika sajili.

Mauzo yanapokamilika

Sheria ya Trafiki inahitaji kwamba gari likibadilisha mmiliki lisitumiwe barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Mmiliki wa awali naye anatakiwa kuiarifu mamlaka ndani ya siku saba, akitoa jina na anwani ya mmiliki mpya pamoja na kilomita zilizosomwa kwenye mita.

Usajili husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Huduma zake, ambazo hapo awali zilipatikana kupitia mfumo wa TIMS, sasa zimo katika jukwaa la serikali la eCitizen. Muuzaji huanzisha ombi, mnunuzi huthibitisha katika akaunti yake, na ada hutegemea ukubwa wa injini.

Hata hivyo, desturi ya kale haijafa. Baadhi ya wauzaji hutoa stakabadhi zote na kumwachia mnunuzi abadilishe jina "akipata nafasi". Mnunuzi huyo huenda ni mchuuzi wa magari ambaye hataki kulipa ada, kwani ananuia kuliuza tena. Gari hupita mikononi mwa watu watatu au wanne, jina likiwa lile lile la mwenyewe wa kwanza.

Tatizo hili lilifika hadi Mahakama ya Rufaa. Mwaka wa 2005, katika kesi kati ya kampuni za Securicor Kenya na Kyumba Holdings, mahakama hiyo ilikubali kwamba usajili si ushahidi usiopingika wa umiliki, na kwamba aliyesajiliwa anaweza kuthibitisha kuwa alikwisha kuuza gari kabla ya ajali.

Uamuzi huo ni afueni, lakini si kinga. Mwenye jina bado hulazimika kufika mahakamani, kuajiri wakili na kuleta ushahidi. Asiye na karatasi ana neno lake tu.

Ndiyo maana mkataba wa mauzo ni muhimu hata baina ya jamaa na majirani. Uwe na majina kamili na nambari za vitambulisho, nambari ya usajili, ya chasisi na ya injini, bei, namna ya malipo, kilomita, tarehe na hata saa ya kukabidhi funguo. Kila upande utie saini mbele ya mashahidi, na ikiwezekana mbele ya wakili.

Mara nyingi muuzaji huogopa kubadilisha jina kabla ya kulipwa, naye mnunuzi huogopa kulipa kabla ya jina kubadilishwa. Njia ya kuwaridhisha wote ni kufanya yote katika kikao kimoja: fedha zithibitishwe katika akaunti, ombi lianzishwe na kukubaliwa papo hapo, kisha funguo zitolewe. Wasioaminiana wanaweza kumwachia wakili fedha hadi usajili ukamilike.

Baada ya hapo muuzaji aiarifu kampuni ya bima. Bima aliyolipia haihami na gari kwa mmiliki mpya kwa kuwa tu limeuzwa, na mara nyingine sehemu ya ada yake yaweza kurejeshwa.

Mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka

Kwa wakazi wa Migori kuna jambo la ziada. Ng'ambo ya Isebania ni Sirari, Tanzania, na si ajabu mnunuzi kutoka huko kutoa bei nzuri. Lakini gari la Kenya haliwezi kusajiliwa Tanzania kabla ya kupitia forodha na kulipiwa ushuru wa huko.

Mnunuzi akilivusha bila kufuata utaratibu huo, gari litaendelea kutembea Tanzania kwa nambari za Kenya na kwa jina la aliyeliuza. Ni heri kumhusisha wakala wa forodha mapema, au kumwuzia Mkenya kwa bei ya chini kidogo, kuliko kupokea fedha nyingi na kuacha jina likizurura nchi ya pili.

Gari lililotunzwa kwa miaka mingi linastahili kuuzwa kwa uangalifu ule ule. Mwenye kulikabidhi ahesabu fedha zake, aweke nakala ya mkataba mahali salama, na baada ya siku chache afungue sajili kuona kwamba jina lililomo si lake tena. Hapo ndipo atakuwa ameliuza.