"Sana" si "Kupita Kiasi"

Mtoto arudipo na daftari lake la Kiingereza, mwulize: "very" na "too" yatofautianaje? Wengi hujibu kwamba yote mawili ni "sana". La, hasha!

"Very" huonyesha ukubwa wa sifa tu. "Too" hutoa hukumu kwamba kipimo kimevukwa, na aghalabu lipo jambo linalokwama kwa sababu hiyo. Katika baridi ya Njombe, chai iliyo "very hot" hupasha mwili joto. Iliyo "too hot" hainyweki.

Makambako, barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, magunia ya viazi yatufundisha zaidi. Gunia lililojaa barabara ni "very full". Lumbesa, lililorundikwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba, ni "too full": mkulima hutoa gunia na ziada, akalipwa gunia moja. Ndiyo maana sheria ya vipimo hukataza gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Basi tuwafundishe watoto kwamba "too" ni kupita kiasi. Mkulima amwambiaye mnunuzi mgeni kwamba viazi vyake ni "too big" hakuvisifu. Amevitia kasoro kwa kinywa chake mwenyewe.