Kidingapopo: homa imeshuka, ini bado linaumwa

Ukitaja homa ya dengue katika mji wowote wa pwani yetu utaambiwa mambo mawili: kwamba inavunja viungo, na kwamba inashusha chembe sahani, yaani zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Jamaa wa mgonjwa wakifika wodini swali lao la kwanza huwa, "Sahani zimefika ngapi?" Ni swali zuri. Lakini kuna kiungo kingine kinachopigwa na maradhi haya, hasa kwa watu wazima, na ni nadra mtu kukiulizia. Kiungo hicho ni ini. Tunalizungumza leo kwa sababu sehemu ya madhara yanayolipata ini la mgonjwa wa dengue hutokea nyumbani, kabla hajafika hospitali, na hufanywa na watu wanaompenda.

Maradhi yenyewe si mageni kwetu. Kiswahili kina jina lake, kidingapopo. Ugonjwa wa aina hii ulipozuka Unguja mwaka 1870, tabibu wa Kizungu aliyekuwa huko, James Christie, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, na kwamba uliwahi kupita pia mwaka 1823. Wachunguzi wa siku hizi wanadhani huenda ule ulikuwa chikungunya, maana homa hizi mbili zinafanana sana. Vyovyote iwavyo, katika zama zetu dengue imethibitishwa maabara mara nyingi: Mombasa mwaka 2013, Dar es Salaam mwaka 2014 ambapo wagonjwa walipindukia 1,000, na mwaka 2019 ambapo walizidi 6,000, wengi wao Dar es Salaam na Tanga. Virusi vyake viko vya aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga dhidi ya aina hiyo, lakini akija kuambukizwa aina nyingine, uwezekano wa kuugua vibaya huongezeka. Kwa hiyo mtu mzima anayesema "mimi nilishaumwa dengue, sina wasiwasi" anapaswa kuwa na wasiwasi zaidi kuliko jirani yake.

Sasa tuje kwenye ini. Virusi vya dengue vikishaingia katika damu havibaki humo tu. Huingia katika seli za ini na kuzaliana, na askari wa mwili nao wakija kupigana navyo huumiza seli hizo hizo. Hilo ni pigo la kwanza. Pigo la pili huja pale mishipa midogo ya damu inapovuja maji yake: shinikizo la damu hushuka, na ini, ambalo linahitaji damu nyingi, hukosa damu na hewa ya kutosha. Pigo la tatu ni dawa.

Seli za ini zikiumia humwaga katika damu vimeng'enya viwili ambavyo katika karatasi ya maabara huandikwa AST na ALT. Kwa mtu mwenye afya kila kimoja aghalabu hakizidi kama 40. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mkubwa kutoka Brazil, nchi inayoijua dengue vizuri, uliowaangalia wagonjwa 1,585 waliothibitishwa. Takriban 65 katika kila 100 walikuwa na vimeng'enya vilivyopanda. Wengi walipanda kidogo tu, na wasiofika hata 4 katika 100 walipita mara kumi ya kiwango cha kawaida. Kwa hiyo usishtuke ukiambiwa ini la mgonjwa wako limeguswa, kwani kwa dengue ndiyo kawaida, na wengi hupona bila ini kubaki na kovu. Kinachotutia hofu sisi matabibu ni kile kikundi kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unasema AST au ALT ikifika 1,000 hiyo ni dengue kali, hata kama mgonjwa havuji damu popote. Wachache zaidi, chini ya mmoja katika 100, ini hushindwa kabisa kufanya kazi, na hapo wengi wao huwa hawarudi.

Nadhani wengi hupotea katika hesabu ya siku. Homa ya dengue hupanda ghafla, hukaa siku tatu mpaka saba, kisha hushuka. Nyumbani homa ikishuka watu humshukuru Mwenyezi Mungu, mgonjwa huogeshwa, na wakati mwingine hupanda daladala kurudi kazini. Kumbe saa 24 mpaka 48 zinazofuata kushuka kwa homa ndizo za hatari, kwani ndipo mishipa huvuja. Na ini lina kalenda yake: vimeng'enya huanza kupanda mapema, hufika kileleni karibu siku ya saba mpaka ya tisa tangu homa ianze, na hurudi chini polepole kwa muda wa wiki mbili tatu. Maana yake siku ambayo paji la uso limepoa huenda ndiyo siku ambayo ini liko katika hali mbaya kuliko zote.

Na ini hilo katika siku hizo linapewa nini? Hapa ndipo ningeomba akina mama wanaoshika funguo za kabati la dawa wanisikilize. Dawa ya homa na maumivu ya dengue ni parasetamoli peke yake, ile wengi tunayoiita panadoli. Dawa hii husafishwa na ini, na ikizidi hulichoma ini. Kwa mtu mzima mwenye dengue ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kwa kupisha saa sita au zaidi, na jumla isizidi vidonge sita usiku na mchana. Mwenye ini lililokwisha kuumia daktari humpunguzia au humsimamishia kabisa. Tatizo ni kwamba maumivu ya dengue ni makali. Mtu hunywa viwili, baada ya saa mbili viwili tena, jioni akapewa dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani yake, na usiku kidonge cha mseto cha duka la dawa ambacho ni parasetamoli na diklofenaki pamoja. Hakuna aliyekusudia kumzidishia. Ni majina ya pakiti tu yanayotofautiana. Someni maandishi madogo nyuma ya pakiti, na andikeni kwenye karatasi saa na idadi ya kila kidonge.

Diklofenaki yenyewe, ibuprofeni na aspirini zisitumike kabisa kwa homa ambayo haijajulikana kama ni dengue. Huchangia kutoka damu, na tumbo lenye vidonda ndiyo huanza. Sindano ya maumivu ya mtaani nayo ni katika mlango huo huo. Ama malaria, ipimwe. Kipimo kikionyesha hakuna, msirudie dozi ya dawa ya malaria kwa kubahatisha huku ini likilemewa.

Kuna na hizi dawa zetu za asili. Juisi ya majani ya mpapai imepata jina kwamba hupandisha sahani, na kuna tafiti kadhaa ndogo juu yake, lakini haijathibitika kwamba humkinga mgonjwa na dengue kali. Michanganyiko ya mizizi na magome ambayo hata muuzaji hajui kipimo chake ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana baadhi ya mimea huumiza ini la mtu mzima wa afya, sembuse lililovamiwa na virusi. Na hijama? Naijua heshima yake kwetu, nami siipingi mahali pake. Lakini mgonjwa ambaye sahani zake zimeanguka ukimchanja damu haiwezi kusimama. Asipigwe chuku mpaka apone na sahani zirudi.

Dalili za hatari ni hizi, na mtu yeyote ndani ya nyumba anaweza kuziona. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hususan chini ya mbavu upande wa kulia lilipo ini. Kutapika kusikokoma. Damu kwenye fizi au puani, au choo cheusi kama lami. Mkojo kukatika kwa saa sita na zaidi. Macho kuwa ya manjano si jambo la kawaida katika dengue, kwa hiyo yakigeuka msisubiri kesho.

Dalili nyingine inahitaji maelezo zaidi. Ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kwenye ubongo, na sukari ya mwilini inaweza kuanguka. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, huchanganya majina ya watoto wake, huwa mkali bila sababu au huzungumza maneno yasiyoeleweka. Jina la kidinga pepo halikutoka hewani. Leo pia mgonjwa wa namna hii hudhaniwa amepandwa na jini, na saa nyingi hupotea akitafutwa wa kumsomea. Mimi nimekaa madrasa miaka mingi na kisomo sikikatazi. Asomewe, lakini asomewe njiani akipelekwa hospitali, na asomewe kitandani akiwa na dripu mkononi. Hakuna aliyesema dua haifiki wodini.

Mgonjwa aliye nyumbani na anayeweza kunywa, anywe. Angalau glasi tano kubwa kwa siku, na zaidi akiweza: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, madafu, uji mwepesi, maji ya matunda. Maji matupu pekee hayatoshi. Kinyume chake, kumtundikia dripu nyingi mtu ambaye anaweza kunywa kuna hatari yake, maana maji yaliyovuja yakianza kurudi kwenye mishipa hujaa mapafuni.

Dengue ikija ndani ya Ramadhani, mgonjwa huyu ni katika wale waliopewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara. Nimeona watu wazima wakiona haya kufungua mbele ya watoto. Kufunga na dengue ni kuinyima mishipa maji katika siku zile zile inapovuja.

Tusisahau mbu. Huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi, na ana madoa meupe miguuni. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana ili mbu wasichukue virusi kwake na kuwapelekea wengine nyumbani. Mayai yake hugandia kwenye kuta za chombo, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mapipa ya nyumbani na mahodhi ya kutawadhia msikitini yasuguliwe kwa brashi kila wiki na yafunikwe.

Mgonjwa akiruhusiwa hospitali aulize tarehe ya kurudi kupima ini, maana kujisikia mzima si kipimo. Mpaka hapo akae mbali na dawa asizoandikiwa. Ikiwa baada ya wiki kadhaa AST na ALT bado ziko juu, huenda dengue siyo ya kulaumiwa. Apimwe homa ya ini aina ya B, ambayo watu wengi katika nchi zetu wanaishi nayo bila kujua. Akikutwa hana, chanjo yake ipo.