Ukucha Mweusi Baada ya Msimu wa Korosho

Kila mwaka kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka mashambani Newala na Masasi, mikono ya watu wa huko hubadilika rangi. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi, yanayounguza ngozi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Wanawake wanaobangua korosho nyumbani, Mnyambe na vijiji jirani, wanaweza kujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza kazi, lakini kucha za vidole vinavyoshika punje hazisalimiki. Ndiyo maana mhudumu wa zahanati akioneshwa ukucha mweusi, wazo lake la kwanza ni korosho. Mara nyingi huwa hakukosea. Hatari imo katika zile mara chache anapokosea.

Swali la kumwongoza ni hili: rangi inaanzia wapi, nayo inasogea? Ukucha huzaliwa kwenye mzizi uliofichwa chini ya ngozi, kisha husukumwa mbele polepole, kama milimita 3 kwa mwezi mkononi na takriban nusu ya hapo mguuni. Doa la korosho, la hina au la damu iliyovilia baada ya kugongwa husafiri pamoja na ukucha. Baada ya wiki kadhaa huonekana sehemu safi kati ya doa na ngozi. Rangi inayotengenezwa na mzizi wenyewe haiachi nafasi hiyo; huwa mstari unaotoka kwenye ngozi hadi ncha, na kila ukucha unapokua mstari huzaliwa upya.

Mstari wa namna hiyo usimtie mtu hofu mara moja. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Dawa nazo huileta: zidovudini, iliyotumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na haidroksiyurea wanayopewa wagonjwa wa selimundu. Weusi huo hauna madhara. Mgonjwa aelezwe mapema, kwa maana asiyeelezwa huweza kuacha dawa kimyakimya kwa kuogopa macho ya majirani, na kuacha huko ndiko kunakomdhuru.

Mstari wa kutiliwa shaka ni ule ulio peke yake: ukucha mmoja tu, hasa wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, kwa mtu mzima, unaopanuka mwezi hadi mwezi, wenye rangi zisizolingana, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Huenda hiyo ni melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mwanamuziki Bob Marley aliipata chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira wa miguu, hadi ilipotambuliwa mwaka 1977. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mwenye dalili hizo asiambiwe asubiri, wala asipewe dawa ya fangasi ya kujaribia. Apelekwe hospitali inayoweza kukata kipande kidogo cha mzizi wa ukucha kwa uchunguzi.

Kuna pia rangi inayopotea. Kucha zilizopauka, zilizobonyea kama kijiko kiasi kwamba tone la maji hutulia juu yake, huashiria upungufu wa muda mrefu wa madini ya chuma. Kwa mkulima anayetembea peku kwenye udongo wa kichanga, minyoo ya safura itafutwe.  Kucha nyeupe karibu zote zaweza kufuatana na ugonjwa wa ini, na zile zenye nusu nyeupe na nusu ya kahawia, ugonjwa wa figo. Dalili hizi ni za kuamsha vipimo tu, hazitoshi kutoa jibu.

Katika zahanati yenye foleni, kinachosahaulika zaidi ni miguu. Mgonjwa huonesha mikono, viatu vikabaki vimevaliwa. Avue, na rangi ya kucha ifutwe. Pale ambapo hakuna dalili ya hatari, mhudumu apime kwa rula umbali kati ya doa na ngozi, aandike kipimo na tarehe kwenye daftari la mgonjwa, kisha ampangie siku ya kurudi: wiki 6 kwa mkono, miezi 3 kwa mguu. Mgonjwa naye aambiwe kwamba ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kubadilika wote, hivyo doa lililoachwa na jembe mwezi Desemba laweza kuwa lingali pale korosho za msimu unaofuata zikianguka.