Uongo Mmoja wa Kufikia Nyota

Sogeeni, wanangu. Chombo chenu kimebeba dawa, kimeondoka duniani sasa hivi, na maharamia wanakifukuza. Mezani kuna kalamu, karatasi na dadu mbili. Mwamuzi anauliza: mnafanyaje?

Mchezo huu unaitwa Traveller. Marc Miller na wenzake wa Game Designers' Workshop waliutoa Marekani mwaka 1977. Kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mwamuzi huusimulia ulimwengu.

Sasa sikilizeni shida ya watunzi hao. Ukiacha jua, nyota iliyo jirani nasi kabisa iko umbali wa miaka nuru minne na ushei, na hakuna chombo kinachoweza kuipita nuru kwa kasi. Mchezo ukiushika ukweli huo bila kulegeza, wahusika watazeeka njiani. Basi ukaruhusiwa uongo mmoja: mruko. Chombo hutoweka hapa, na baada ya kama juma moja huibukia kwenye nyota nyingine.

Uzuri ni kwamba uongo huo una masharti. Ili mruke salama, lazima mwe mbali na sayari mara 100 ya kipenyo chake. Kwa dunia yetu, hiyo ni kama kilomita milioni moja na robo. Hapo fizikia ya kweli hushika usukani. Injini ikiwasukuma kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, mkaongeza kasi hadi katikati ya njia, kisha mkageuza chombo na kuipunguza hadi mtulie, mtatumia saa sita na ushei. Saa sita za kufukuzwa! Nayapenda mno masharti haya, kwa sababu hofu yote ya mezani imetoka kwenye hesabu.

Je, mkokotoe pia joto la injini na mionzi? Mimi husema: kama haibadilishi uamuzi wa mchezaji, ipiteni haraka.

Habari nazo hazina njia ya mkato. Husafiri na vyombo. Mkifika na dawa mkute vita vimezuka, hakuna wa kumpigia simu. Swali kwa makao makuu litachukua majuma kwenda na majuma kurudi, na wagonjwa wako pande zote mbili. Wewe wa darasa la sita, uliyeshika dadu, ndiwe utakayeamua dawa zishushwe wapi.